Magoti ya Nanuli

Taa ya kijani humpa Nanuli sekunde kumi na nne.
Magoti yake yadai ishirini na mbili.
Deni hilo alilipa kila asubuhi
katikati ya barabara, Tbilisi nzima
ikimpigia honi kama mbuzi aliyekata kamba.

Akaja mhandisi Vazha na saa yake ya kupimia.
“Mtu hutembea mita moja na ushei kwa sekunde.”

“Mtu yupi?”
Akamtwika kikapu cha viazi,
akamkabidhi mkongojo. Theluji ilikuwa imeganda.
“Haya, vuka.”

Nyekundu ikamkuta kati.
Basi likalia breki. Viazi vikatawanyika.

Siku hizi taa hutoa ishirini na tano.
Zile tatu za ziada
Nanuli husimama palepale,
akafunga upya kitambaa chake cha kichwa,
taratibu.