Mwezi Huu Hatuombi

Nilikuwa mwandishi wa Kamati ya Maji Matamu:
chumba kimoja juu ya duka la vitenge, Langoni,
meza inayochechemea, na majina mia tatu na kumi na mawili
ya watu waliotuachia anwani zao
siku tingatinga lilipopanda vilima vya mchanga vya Shela
na kila mtu akawa na hasira mpya.

Kila mwisho wa mwezi niliwaandikia.
Salamu mstari mmoja, vilima mstari mmoja,
kisha nambari ya kutumia pesa, kwa herufi nene.
Chochote ulicho nacho. Hata shilingi hamsini.
Nilijua kulisema hilo kwa njia tisa.
Mwezi wa nane wakajibu wanne.
Mmoja alikuwa ameshakufa; alijibu mwanawe,
kwa adabu, akaomba tumfute.

Ndipo Bi Somoe wa Mkomani, mshona kofia,
akaniletea neno lililonikalisha kitako:
"Mwanangu, mwanikumbuka mfukoni tu?
Mato ninayo. Ulimi ninao.
Kisima kimo ndani ya nyumba yangu, na hamniulizi
mai yana nini."

Nikaandika upya.
Mwezi huu hatuombi.
Teka maji ya kisimani kwako asubuhi, uonje.
Yana chumvi ya machozi, ya mchuzi, au ya bahari?
Na kamba yako, yashuka pima ngapi?

Famau, mshika hazina, alisoma akasonya.
"Kodi tutalipa kwa mate?"
Sikuwa na jibu. Nikatuma.

Usiku ule simu ilitetemeka juu ya sinia
mpaka mama akagonga ukuta.
"Ya machozi," aliandika mwalimu mmoja,
"lakini ya mtu anayelia kidogo."
Mwanamize alisema samaki wadogo wa birika lao,
wala viluwiluwi vya mbu tangu enzi ya nyanya yake,
wameelea matumbo juu,
watatu Jumanne, wote Alhamisi.
Bwanaheri, auzaye simu Jeddah,
alikumbuka kamba ya mamake: mafundo kumi na manne,
la tisa jekundu, na maji yalianzia hapo.
Dadake akaenda kupima.
Yakaanzia la kumi na mbili.

Na Kupi, mchomelea vyuma wa Gadeni,
ambaye hajawahi kutuma hata senti,
alituma hivi, bila salamu:

*Mai ya kisima changu, zamani yali matamu,
Huchota kwa kata yangu, hunywa nikakata hamu,
Leo na jirani zangu, twagombania madumu,
Hili ni neno la kwangu, lichukue kwa kalamu.*

Siku ya kusikilizwa hatukuwa na wakili.
Tulikuwa na chupa mia moja na sita,
za soda, za dawa ya kikohozi, moja ya marashi,
kila moja na jina la mtaa kwa mwandiko wa mwenyewe.
Wengine sikuwajua kwa sura.
Nilikuwa nikiwaomba miezi minane
na sikujua kuwa yule wa Kashmiri ana kigugumizi,
wala kuwa huyu ndiye aliyechimba visima vya nusu ya mji.

Afisa akakohoa, akaomba maji.
Bi Somoe akamsogezea chupa yake.
Alipiga funda moja. Hakumeza, hakutema.
Karani akaandika kitu, sijui nini.
Uamuzi umeahirishwa mara mbili.
Tingatinga lipo, limefunikwa turubai,
na punda hulala kivulini mwake.

Kodi? Tulichelewa siku kumi na moja.
Mwenye duka alipanda ngazi, tukajua yametufika,
kumbe ameshika gilasi.
Alitaka tuonje, kisha tumwandike:
wa mia tatu na kumi na tatu.

Jana usiku Bi Somoe akaandika tena.
Nimeisoma mara tatu na sijamjibu, bado nafikiri:
"Haya. Na mwezi huu, mwaniuliza nini?"