Dakika Kumi na Tisa, Kadutu

Mwenye chumba alikitaka Jumatatu,
basi tulikuwa na Jumapili tu,
na umeme, ukipenda wenyewe, kuanzia saa nne usiku.
Amplifaya tuliipandisha mlima kwa mkokoteni wa muuza makala,
tukamlipa sigara tatu na ahadi.
Magodoro matano ukutani, moja bado lina joto
la mtoto aliyehamishiwa kwa jirani.
Ngoma kubwa ilichanika tangu Agosti;
Baderha aliiziba kwa filamu ya eksirei
aliyookotewa na shangazi yake anayefagia hospitalini:
mbavu za mtu tusiyemjua,
kila pigo kifuani pake.

Tulijiita Mteremko,
kwa kuwa Bukavu nyumba hulala hapa
ikaamka kule chini.

Miaka sita. Hesabu ninayo mimi,
niliyekaa mlangoni na kisanduku cha tiketi:
usiku wetu mkubwa kuliko yote, ukumbi wa parokia,
watu thelathini na mmoja,
na kati yao wawili walifuata viti vyao.
Nyawera walituzimia maiki kwenye wimbo wa pili,
wakaweka ndombolo, watu wakainuka wakacheza.
Siwalaumu. Hata mimi mguu ulinisaliti.
Mama yake Cirhuza, alipomsikia mwanawe akipasua koo,
alikwenda kumwita mchungaji.
"Pepo huyu," alimwambia, "ana sauti ya tatu ya kwaya."
Alikaribia kutuelewa kuliko wote.
Maana chini ya zile kelele kulikuwa na kitu cha kuimbika:
gita la Nzigire, likipita peke yake
kama mtu anayekatiza soko lenye ugomvi
na trei ya mayai kichwani.

Gita lenyewe lilikuwa limeshauzwa.
Mnunuzi, mpiga gita wa kanisa la Panzi,
alikuwa ameketi kizingitini, koti limefungwa hadi shingoni,
akilinda mali yake.

Saa nne umeme ukaja.
Saa nne na robo, mvua.
Bati la Kadutu halijui kunong'ona.
Fundi Lwaboshi akavua visikizio: "Tungoje ipungue."
Lakini lori la Kamituga lilikuwa linaondoka alfajiri,
na Baderha juu yake, kwenda kuchimba.
Nzigire hakuinua hata macho.
"Hatungoje. Acha inyeshee ndani."

Wa kwanza tuliukimbiza mno.
Wa pili uzi ulikatika, akaumalizia kwa nyuzi tano
na tusi moja, ambalo limebaki.
Wa tatu ni wa dada yake Baderha,
aliyeshuka na nyumba yake bondeni, sufuria ikiwa jikoni.
Hapo Cirhuza, bingwa wa kupayuka,
alifika kwenye jina lake akashindwa kulipigia kelele.
Alilitaja tu. Kama unavyomwita mtu
chakula kimeiva.
Ngoma ikasimama pigo moja zima,
kisha ile mbavu ya mgeni ikaendelea.

Wa nne siuelezi.

Flashi ninayo ndani ya kopo la chumvi, isipate unyevu.
Nilimpelekea mtu wa redio; akasema ina mvua nyingi.
Nilimpa binamu yangu; akaniuliza nani amefariki.
Mwaka jana nilimsikilizisha kinyozi mmoja,
akazima mashine yake, kichwa cha mteja nusu,
wakasikiliza wote wawili hadi mwisho.
Hakusema kitu. Alimalizia kunyoa.

Mimi huwa nasogeza hadi dakika ya kumi na nane,
pale nyuzi zinapoacha kutetemeka
na mvua inabaki na chumba peke yake.
Tone linaanguka ndani ya beseni.
Cirhuza anauliza, "Tena?"
Hakuna anayemjibu.
Halafu, kutoka kizingitini, makofi:
mawili, ya woga,
la tatu likakatwa na umeme.