Vimerudi Kumi na Tisa

Siku ya kufunga shule niligawa vitabu ishirini
kutoka katoni lililonuka panya na gundi,
nikasema: Msiniletee muhtasari.
Vyote nimevisoma.
Nileteeni pale mlipobishana nacho.

Kisha kipupwe kikashuka Pandambili,
upepo ule wa Juni unaong'oa mabati na heshima;
watu wakajifunga mashuka juu ya makoti,
alizeti ikapigwa, uwele ukapepetwa,
nami nikasahau, kama mwalimu anavyosahau
akiwa na deni dukani na mtoto mwenye kikohozi.

Leo Jumatatu viko mezani.

Kitabu cha mwili wa binadamu kimerudi bila mapafu.
Chisunga ameeleza, kwa mwandiko wa kuomba radhi:
"Babu alikosa karatasi ya kusokotea tumbaku.
Nikamwambia, huo ni ukurasa wa mapafu.
Akasema, basi unakwenda kwao."

Nimecheka peke yangu ofisini
mpaka mhasibu akachungulia.

Ndalu alisoma habari za mchwa.
Hakubishana na kitabu, alibishana na mama yake
aliyechemsha maji ayamwage kichuguuni, nyuma ya jiko.
"Nikamwonyesha picha ya vyumba vyao
na tundu la kupitishia hewa.
Akasema: Kumbe wana nyumba nzuri kuniliko.
Akamwaga."
Chini yake, kwa penseli hafifu:
"Ila hakumwaga yote."

Cha Yona, cha volkano, kimerudi kisafi mno.
Nilipokifungua kikalia; uti wake haukuwahi kukunjwa.
Nikaandika kwa wino mwekundu, Huna aibu?
halafu nikakumbuka baba yake kalazwa Mvumi tangu Juni,
nikaikata, nikaikata tena,
sasa pamebaki doa.

Nyemo na kitabu cha nyota hawajaonekana.
Wenzake wanasema yuko Kibaigwa, anashona magunia ya mahindi.
Kitabu anacho, wanasema. Analala nacho.
Sijajua niandike nini kwenye daftari la mahudhurio.

Na Sechelela.
Karatasi nne zimeshonwa kwa uzi wa gunia:

"Mwalimu, kitabu changu kinasema Desemba ni baridi,
watoto wanafinyanga mtu wa theluji.
Desemba sisi tunapanda karanga, jasho linaingia machoni.
Nikajiuliza, kimekosea, au hakituoni?
Nikachoma boga kwa mwiko, nikaliinamisha,
nikalizungusha mbele ya tochi ya simu ya kaka.
Mama akasema boga si la kuchezea. Tulilila jioni.
Kesho yake nikasimika fimbo ya mita moja uani.
Mchana kivuli kililala kuelekea kusini,
sentimita hamsini na saba.
Basi jua limehamia kwao.
Sisi tunatetemeka, wao wanajipepea.

Lakini kuna jingine, Mwalimu, usikasirike.
Ulituandikia kwamba saa sita kamili kivuli ni kifupi kuliko vyote.
Nimepima siku tisa. Saa sita kinaendelea kupungua.
Kinakoma saa sita na dakika thelathini na sita.
Simu si mbovu, nimelinganisha na redio.
Nani anawahi, sisi au jua?"

Miaka kumi na moja nimeiandika sentensi ile ubaoni,
nikaipigia mstari,
nikaitungia mtihani,
na mlango wa darasa uko hatua tatu kutoka ubao.

Nimeng'oa mpini wa fagio la mlinzi.
Kidato chote kimetoka, mashati yamejaa upepo,
Chisunga ameshika saa, Yona anakanyaga udongo mpini usimame.
Saa sita. Saa sita na robo.
Mkuu wa shule anatutazama toka dirishani, hajaamua kama agombe.
Sechelela kachuchumaa, rula mkononi,
anachora mstari vumbini, upepo unaufuta, anachora tena.

"Tayari?" nauliza, nikiinama nione.

"Bado. Sogea kidogo, Mwalimu,
kivuli chako kinaniingilia."