Sikio la Kushoto

Baba yangu alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto,
lile lililoelekea vali.
Ukiwa na siri, Mahrokh, alisema,
pitia kulia.

Miaka ishirini na saba Yadollah alikilinda chumba kile
kati ya mashamba ya mpunga na uzio wa kituo cha umeme,
karibu na Bahari ya Kaspi.
Gesi ilifika kutoka kusini, imevuka jangwa na milima,
angahewa sitini kifuani,
na turbini zetu zilitaka kumi na tano tu.
Basi vali ikaikaba koo.
Ikapiga yowe usiku kucha, mchana kutwa,
kisha ikapita mnyonge kwenda kuunguzwa.

Arobaini na tano zile zinakwenda wapi?
Nilikuwa na miaka tisa.
Akagusa sikio: "Zimo humu."

Debe tupu, watu husema, haliachi kuvuma.
Kilichovuma pale
kilikuwa kimejaa.

Nilirudi na michoro,
na gurudumu la chuma lisilozidi sinia la wali.
Keyhan wa bohari akacheka mpaka akakaa chini.
Tukalifunga kwenye bomba la mchepuko, kando ya vali,
na gesi, badala ya kukabwa, ikapewa kazi.

Saa mbili.
Kisha bomba likaota barafu, mwezi wa Julai,
sisi tukitiririkwa jasho.
Keyhan aliligusa; ngozi ya kidole ikabaki pale.
Nilijua. Sitasema sikujua.
Gesi ikifanya kazi hupoa, na mimi niliharakia sifa.

Wiki kumi na moja tulivuta maji ya moto
kutoka kwenye dohani za turbini,
kwenye joto tulilokuwa tukiwapa ndege bure,
tuipashe gesi kabla haijazungusha.

Novemba, sindano ikapanda ikatulia:
megawati moja na robo.
Kwa kituo cha mia nne, ni chumvi ya kuonjea.
Kwa kijiji chetu, ni taa zote
na mashine ya kukoboa mpunga.

Nikamleta baba.
Vali imefungwa, vumbi juu ya gurudumu lake.
"Imekufa?"
Nikauchukua mkono wake, nikauweka
juu ya ganda la jenereta, pale panapotetemeka.

Alikaa hivyo kitambo.
Kisha akageuka, akainamisha kichwa,
akaliegemeza chuma sikio la kushoto,
kama mtu aliyeambiwa
deni lake liko tayari, aje achukue.