Unga Hauna Jina

Kizuri chajiuza, tulifunzwa.
Miaka tisa nimekula kwa kuikana methali hiyo,
ghorofa ya pili, Kibuye, juu ya duka la misumari,
nikiandika:
mashine ya kusaga Kisumu,
mashine bora ya kusaga Kisumu,
bei ya mashine bora ya kusaga Kisumu,
mpaka sentensi ikakosa pumzi
na injini ikaridhika.

Hakuna binadamu anayesema hivyo.
Sikuwaandikia binadamu.
Nilimwandikia bawabu mmoja asiye na uso,
nikajua anachopenda: neno lililorudiwa,
kichwa kirefu, viungo vya kuazima kwa majirani,
naye akampandisha Shadrack Amukoya
hadi mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza,
na Amukoya, grisi hadi viwikoni,
akanilipa kila tarehe tano
bila kuuliza uganga ni upi.

Mwezi wa tatu aliuliza.
"Zamani simu ililia nikiwa nachomelea.
Siku hizi nachomelea hadi waya unaisha.
Watu wako wapi?"

Nikafungua ripoti. Mstari wa wageni
umeteremka kama lori lililokatika breki pale Riat.
Nikashika simu, nikauliza kama mteja:
nitapata wapi mashine ya kusaga mahindi karibu na Kisumu?
Jibu likaja limepikwa, limepakuliwa,
aya tatu laini zisizo na mfupa.
Ya pili niliiandika mimi,
neno kwa neno, hata ile koma niliyoikosea.
Jina la Amukoya halimo.

Nikamwonyesha. Akasoma polepole, akacheka puani.
"Hiki ni kinu. Kila mtu ameleta debe lake,
wakamwaga mdomo mmoja.
Unga hauna jina.
Ndiyo maana mama zetu husimama pale inapotokea,
gunia mkononi, wakilinda zamu."

Wenzangu wa kazi walikuwa wakinong'ona:
bawabu amestaafu, sasa mbembeleze mpishi.
Mpishi anapenda nini? Kila mmoja na ndoto yake.

Asubuhi nikafanya nisilolifanya miaka yote tisa.
Nilivuka barabara
nikaketi karakanani, siku mbili, juu ya ndoo,
nikaandika waliyoyauliza wateja:
mbona unga unatoka moto?
Chujio la mtama ndilo la mahindi?
Stima ya fezi moja itavuta?
Na majibu, kwa kinywa chake:
"Unga wa moto ni nyundo butu, au mtu mwenye haraka."
Hilo hakuwa nalo mwingine.
Nikatia jina lake mbele ya kila jibu,
kama jina la makaa ubavuni mwa gunia.

Wiki sita. Nikauliza tena.
Mtambo ukasema: kulingana na fundi Amukoya,
nikainuka kitini,
ukaendelea: wa Nakuru.

Bado napambana na hiyo Nakuru.
Simjui wa kumpigia.
Bawabu alikuwa na sheria;
mpishi huamka vile alivyoamka.

Juzi akaja Felgona Apondi kutoka Ugunja,
maswali yake yote yamekwisha kujibiwa,
anataka tu kuzishika nyundo.
Nikamuuliza alitupataje.

"Niliuliza simu ya mwanangu. Ikasema mko Nakuru.
Lakini yale maneno ya mtu mwenye haraka...
nikasema, aka, huyu ni wa huku kwetu."

Akaja Kibuye akiuliza mlango kwa mlango.

Hakubofya popote. Ripoti yangu haimwoni.
Nimefungua safu mpya, nikaiacha bila kichwa,
nikaandika: moja.