Kutandika

Ghorofa ya chini, hospitali ya wazazi, Kutaisi.
Februari. Bomba la joto linakohoa ukutani
na juu yangu, tabaka mbili za saruji,
kuna mtu anasukuma.
Namsikia. Au nasikia lifti.

Seva imefika jana kwa lori kutoka Tbilisi,
mgongo wake bado una baridi ya njiani.
Haina jina. Inajiita mwenyeji wa hapahapa,
kama mtu anayeulizwa kwao ni wapi
akajibu: kwetu.
Naiita Rioni, kwa mto unaopita nyuma ya jiko letu,
naandika jina katika mafaili mawili,
herufi kwa herufi.

Hifadhidata yenyewe sijaigusa.
Imo katika diski ndogo, mfukoni mwa koti.
Kwanza kutandika.

Namwumba mtumiaji. Simpi ufunguo wa mzizi;
hata mimi naushika kwa hofu
na kuutua upesi, kama sufuria ya moto.
Nampa kikundi, nampa nyumba,
nampa folda: hii yako, wengine wasisome.
Nampa ruhusa ya kufungua mafaili elfu sitini kwa mpigo,
kwani Otia alitoa elfu moja na ishirini na nne,
na Jumatatu ya Pasaka, wodi zote zikiandika pamoja,
mashine ya zamani ilinyamaza
na manesi wakaandika watoto kwenye kartoni za glovu.

Otia amestaafu. Ameniachia daftari,
mwandiko kama miguu ya kuku,
ukurasa wa nne umelowa divai:
"Kumbukumbu ya pamoja, nusu ya iliyopo.
Usiwe bahili. Usiwe mpumbavu."
Napiga hesabu kwa penseli, naigeuza kerneli,
nasoma tena. Sifuri moja imezidi.
Nafuta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa;
mimi najenga ukuta kwanza, mzima,
kisha natoboa tundu moja
linalotosha kompyuta ya mapokezi.

Sasa saa.
Hapa mkono unakuwa mzito.
Ile ya zamani ilichelewa dakika saba, hakuna aliyejali,
mpaka mapacha wa Lamzira:
wa kwanza saa sita kasoro dakika tatu usiku,
wa pili saa sita na dakika mbili.
Mashine ikawafanya wa siku moja.
Alishuka hadi huku, fomu mkononi, kandambili miguuni:
"Saa ya korido ilipiga kumi na mbili kati yao.
Nilizihesabu, mmoja kifuani, mmoja tumboni.
Nani kawaunganisha?"
Nikasema: saa.
Akasema: ya nani?

Naifunga Rioni kwa saa tatu za mbali.
Nasubiri zikubaliane.
Hitilafu milisekunde tisa. Nne. Moja.

Nazima, nawasha; nataka kuona kipi kitasahaulika.
Jina lipo. Ukuta upo. Saa ipo.
Mafaili: elfu moja na ishirini na nne.
Herufi moja nimeikosea. Natukana kwa Kimingrelia,
lugha ya bibi yangu, nasahihisha,
nazima, nawasha.

Saa kumi na moja alfajiri na sina cha kumwonyesha mtu.
Skrini nyeusi, kishale kinapepesa.
Juu huko kimelia kitu kidogo,
na safari hii si lifti.

Natoa diski mfukoni.
Imepata joto.