Deni la Mwavuli Mwekundu

Nilishuka Kadutu na simu tatu mfukoni
na kaye ya kuhesabia makosa:
si makosa yao, nilijiambia, ni yangu;
lakini Mungu anajua, kichwani
jibu lilikuwa tayari: hawajazoea.

Miezi minane nimeijenga programu ile chumbani Nguba,
umeme ukikatika nachora kwenye karatasi
vitufe, visanduku, mishale.
Ilikuwa na kitufe cha kijani cha kuhifadhi deni.
Ilikuwa na mchoro wa mapato uliopanda
kama njia ya Funu.
Kila mdaiwa alitengewa nafasi ya jina, jina la baba,
namba, kartie, siku ya kulipa.

Mama Nsimire akaishika kwa ncha za vidole
kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni.
Mikono imelowa, ina magamba ya sambaza;
akagusa kijani, kijani kikanyamaza.
Akagusa tena. Nikaandika: mara mbili.
Akajifuta kwenye kitenge, akagusa. Tatu.
Mnunuzi wa makopo mawili akahamia kwa jirani.
Hilo sikuliandika. Halikuwa na safu yake.

Mwishoni nikauliza, kama tulivyofundishwa:
"Mama, imekusaidia?"
"Sana, mwanangu. Nzuri sana. Ubarikiwe."
Wauzaji tisa, baraka tisa.
Nikapanda kilima na asilimia mia yangu.

Jumatatu niliikuta simu juu ya mifuko ya nailoni,
imelala kifudifudi,
inazuia upepo usiipeperushe.
Hapo ilifaa.

Basi nikakaa. Kreti tupu, siku nne, bila swali.
Siku ya tatu ndipo nikaiona nguzo nyuma ya meza,
na mistari ya makaa: mitatu, nafasi,
minne, msalaba mdogo.
"Huyu wa minne ni nani?"
"Mwenye mwavuli mwekundu."
"Jina lake?"
"Jina nitalifanyia nini? Mwavuli nauona toka kule juu,
kabla yeye hajaniona.
Nikiandika jina, kila mpitaji atalisoma,
naye ana binti anaolewa mwezi wa nane."

Nguzo ilijua kunyamaza.
Yangu, deni likichelewa, ilipiga kelele
na kuanika jina kwa herufi nyekundu.
Na kelele ile, nakiri, ndiyo niliyoionea fahari.

Usiku ule nilifuta.
Mchoro ukaenda, tarehe ikaenda,
baba za watu wakaenda na makartie yao.
Kelele niliizika ya mwisho,
nikaisikiliza mara moja zaidi kwanza.
Vikabaki viraka vya picha, vipana,
vya kugusa kwa kifundo cha kidole, kwa kiwiko hata,
na chini yake mistari.
Mwavuli mwekundu. Kofia ya padri. Raba ya mguu mmoja.

Nilipowapelekea, hakuna aliyesema nzuri.
Hakuna aliyesema kitu.
Wiki tatu bila baraka hata moja;
nikaanza kuulizia kazi ya kufundisha.

Halafu mashine yetu ilizimika, usiku wa mvua,
na saa kumi na moja alfajiri simu ikalia.
Hakuna salamu.
"Wewe kijana! Mwavuli wangu umeupeleka wapi?
Ulikuwepo jana, na mistari yake!
Usinichezee, hiyo ni shule ya watoto!"

Nimeketi gizani natukanwa,
mkono unapapasa kaye chini ya kitanda,
biki inagoma, nailamba, inaandika.
Nilitamani kumwomba arudie
polepole, ninakili kila neno.

"Mistari mingapi, Mama?"

"Minne," akasema, sauti imeshuka kidogo.
"Na nguzo nayo inasema minne."